Kitanda cha Koletha

Jumanne, 8 Julai

Koletha ameshinda! Seti mbili kwa bila, na yule Mzungu mrefu, wa tano duniani, yuko chini. Nimeacha kahawa kwenye kichanja haijageuzwa, nimeacha maharage jikoni, naandika. Salamu baadaye.

Wa tano duniani. Na aliyekuwa anabonyeza ni mimi.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Koletha si mtu. Ni mchezaji wa tenisi wa kwenye simu ya binti yangu Devota. Mchezo wenyewe hupigi mpira. Wewe ni msimamizi tu. Unampangia mazoezi, mashindano na mapumziko, halafu anaingia uwanjani mwenyewe, wewe unatazama na roho yako juu. Devota amemlea miaka miwili, akiwa chuo cha uuguzi Songea. Kamtoa nafasi ya mia tisa na kitu, kamfikisha ya nane. Mwanangu huyo, wala sijamwazima. Jina kampa la marehemu mama yangu. Nilifurahi, sikuuliza kwa nini.

Sasa Devota yuko Mbaha, ziwani, anajifunza kazi zahanati. Alikopangiwa mtandao hakuna. Simu kaniachia mpaka arudi tarehe mosi Agosti. Mchezo umejaa Kiingereza na mimi ni wa darasa la saba, kwa hiyo kanichorea karatasi. Raketi ni mazoezi. Kikombe ni mashindano. Kitanda ni kupumzika. Mstari ulio chini ya picha yake ni uchovu, ukifika nusu nibonyeze kitanda. Mwisho kaandika kwa herufi kubwa: MAMA, KAZI YAKO NI MOJA TU. AFIKE KOMBE KUU HAJACHOKA.

Kombe Kuu linaanza tarehe 22. Wanaingia wanane tu, dunia nzima. Wetu yumo.

Mstari umepita nusu leo. Lakini mtu anayeshinda unamlazaje?

Jumatano, 9 Julai

Raketi asubuhi. Raketi mchana. Raketi jioni. Kila ukibonyeza, nguvu zinapanda, unaziona kwa macho. Kahawa nayo ingekuwa hivyo.

Kitanda sijagusa. Kwetu anayelala mchana ni mgonjwa au aliyejifungua. Mimi leo nimechuma madebe matatu, nimemenya, nimeosha, na mgongo ndio huu. Mimi nani ananibonyezea kitanda?

Jumamosi, 12 Julai

Jumuiya leo ilikuwa kwa Mama Otilia, mwenyekiti wetu. Ana kijana wake Dodoma. Kila Jumamosi lazima tuzungushwe Dodoma, ofisi ya kijana, viti vya kuzunguka vya ofisi ya kijana. Leo nikasema hapana. Matangazo yalipofika nikasimama.

“Tumsifu Yesu Kristo. Devota wangu siku hizi ni kocha wa tenisi. Mchezaji wake, Koletha, Jumanne kampiga Mzungu.”

Vigelegele. Mama Otilia mwenyewe kapiga. Utamu wake siwezi kuuandika.

Mzee Damasi kauliza, “Tenisi ile ya mezani?”

“Ya uwanjani, Mzee.”

“Na huyo binti wa wapi?”

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Ukatoka na, “Wa hukuhuku kwetu.”

“Na jina la marehemu mama yako!” kasema Mama Otilia. “Huyo si mgeni, ni mjukuu. Devota akirudi aje naye, tuwaone wote wawili.”

Nikasema watakuja. Mimi. Kwa kinywa changu, kilichotoka kusali.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya juu ili nisiongozane na mtu.

Jumapili, 13 Julai

Leo nimempa Koletha kitanda. Ni siku ya Bwana, na kwenye simu pia ni Jumapili. Nimeamua hivyo: siku sita kazi, Jumapili kulala, kama Mkristo yeyote. Karatasi ya Devota ina mambo ya kitoto, mstari, nusu. Jumapili inatosha watu wazima, itamtosha na yeye.

Nikamweleza Baba Devota. Mume wangu maneno yake kwa siku hayajazi kikombe. Kasema, “Hata ngolo unaiacha ilale, iote majani. Sembuse mtu.” Ngolo ni yale mashimo yetu ya kulimia mlimani.

Nikamwambia huyu si mtu, ni simu.

“Basi mbona kutwa unamwita binti?”

Nikaenda kugeuza kahawa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwandikisha mashindano madogo matatu. Devota asingemwandikisha hata moja. Kashinda mawili. Nimepita kwa watu wanne kuwaeleza. Wa nne alikuwa na msiba wa shemeji yake. Nikampa pole, halafu nikamweleza.

Jumatano, 16 Julai

Kapigwa. Na mtu wa nafasi ya sitini! Alikuwa anaufuata mpira kama mtu aliyejitwika ndoo. Mstari wa uchovu ni mwekundu mwanzo mpaka mwisho.

Nilikasirika vibaya. Nikaiambia simu, kwa sauti, “Mvivu wewe.” Baba Devota alikuwa mlangoni. Kaniangalia tu.

Raketi mara tatu. Ajifunze.

Kahawa mbivu imeanza kuanguka yenyewe chini ya miti. Kesho nitachuma kutwa.

Alhamisi, 17 Julai

Sikuchuma kutwa.

Ijumaa, 18 Julai

Bega.

Nimefungua simu asubuhi, picha yake imebadilika. Kainamisha kichwa, mkono umefungwa bandeji. Raketi imekuwa ya kijivu, haibonyezeki. Kikombe kijivu. Kilichobaki ni kitanda peke yake.

Yakatokea maneno marefu ya Kiingereza. Nikayanakili kwenye karatasi, herufi moja moja, nikampelekea mwalimu anayekaa jirani. Kasoma: kaumia bega, wiki nane asicheze.

“Nani kaumia, mama?”

“Ndugu,” nikasema.

Wiki nane. Kombe Kuu ni siku nne zijazo. Miaka miwili ya mwanangu nimeivunja kwa siku kumi. Kwa kidole kimoja.

Jumamosi, 19 Julai

Nilitaka kusingizia kichwa nisiende jumuiya. Nikaenda. Mama Otilia hakunisubiri hata nikae. “Haya mama kocha, Koletha wetu hajambo?”

Ningesema hajambo, ingekwisha hapo. Lakini nikasema, “Kaumia bega.” Machozi yakanitoka, ya kweli.

Wakasali. Fungu zima la rozari kwa ajili ya bega la Koletha. Mzee Damasi kapiga magoti, na magoti yake kila mtu anajua hayapigwi. Alisaidiwa kushuka na alisaidiwa kuinuka. Na mimi naitikia amina.

Nimeona aibu nyingi maishani. Hii ni ya peke yake.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa Mama Otilia kanifuata mpaka nyumbani na mayai manane ndani ya kikapu. “Ya mgonjwa. Mfupa unataka mayai. Devota akipita umpe.” Mwanamke ambaye toka tarehe kumi na mbili namwona nimemshinda. Kuku wake watatu, mayai yote kayaleta.

Halafu kaniambia amekwisha kupanga na watu. Jumamosi ya tarehe mbili Agosti jumuiya yote itakuja kwangu, kumpokea Devota na kumpa pole Koletha. Ngoma itakuwepo.

Nikasema asante.

Alipoondoka nikakaa na simu. Kumbe juu pembeni kuna kalenda ndogo. Nilikuwa naiona, sikuwa naitazama. Jumapili iliyopita, nilipompa kitanda, nakumbuka ilikuwa mwezi wa tatu mwanzoni. Leo iko mwezi wa nne karibu unaisha. Nimeikazia macho mpaka jioni. Siku yetu moja, kwake ni wiki nzima.

Basi Jumapili yangu niliyojisifia, kwake ilikuwa pumziko la wiki moja, halafu wiki nne mfululizo asubuhi mchana jioni, hakuna hata siku ya Mungu ndani yake, na mashindano matatu juu. Nilidhani namlea Kikristo.

Na wiki zake nane ni siku zetu nane. Atapona Jumamosi ijayo. Kombe Kuu Jumanne.

Jioni Baba Devota kakaanga mayai mawili, hajui ya nani. Akanigawia. Nimekula.

Jumanne, 22 Julai

Kombe Kuu limeanza. Wanane wametajwa. Mahali pa Koletha kawekwa mwingine, nywele nyekundu. Nimetazama mchezo mmoja, nikazima.

Siwezi kumngoja Devota aje aone mwenyewe. Na sitaki ashuke kwenye gari akute ngoma.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeteremka Mbaha. Joto la huko chini si la watu wa mlimani, nimefika blauzi imelowa. Nimebeba mayai sita. Sijui kwa nini nimeyabeba. Yaliniwasha pale nyumbani.

Devota katoka zahanati na sare yake nyeupe. Kapendeza, mwanangu. Kaniona, uso ukamshuka.

“Shikamoo mama. Nani kafa?”

“Marahaba. Hajafa mtu. Koletha kaumia.”

Kacheka kwanza. Halafu kaona sicheki.

“Mstari ulikuwa wapi, mama?”

“Umejaa.”

“Toka lini?”

“Toka ile wiki ya kwanza.”

Kanipeleka anakokaa, kanipa maji, kanipa ugali wa muhogo na dagaa. Kakaa ananitazama nikila. Nilitamani anifokee. Nikamwambia yote: kitanda cha Jumapili, jumuiya, rozari, tarehe mbili, ngoma. Nilipofika kwenye mayai kacheka, kacheka mpaka kashika mbavu, kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Kasema, “Mama, unakumbuka ule msimu wa mwisho wa bibi?”

Nakumbuka. Mama yangu alikuwa anakaa kwangu. Alisema magoti yanauma, akaomba achume ya matawi ya chini akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Nikamkataza. Shamba letu liko kando ya njia. Nikamwambia watu wanapita, watasema nimezaliwa na mvivu. Akachuma amesimama msimu mzima. Mvua zilipoanza akalala kitandani, na hakuinuka tena. Devota alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilidhani alikuwa anacheza, kumbe alikuwa anaona.

“Nilimpa jina lake,” kasema, “ili niwe nambonyezea kitanda. Basi. Kushinda kulikuja kwenyewe.”

Nikachukua sahani, nikaenda kuiosha.

Nikamwomba aje nyumbani kimya kimya, awaambie jumuiya Koletha kasafiri. Kanikatalia kwa upole, kama anavyowakatalia wagonjwa. “Utawaambia wewe, mama. Na mayai rudisha.”

Nimelala kwake.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepanda mlima na mayai sita. Hakuna lililovunjika.

Jumamosi, 26 Julai

Nimesema.

Niliwaacha wamalize sala zote. Nikasimama, mayai mkononi. Nikasema Koletha si mtu, ni picha ya kwenye simu. Devota si kocha wa uwanjani. Bega limeumizwa na mimi, kwa kukataa kumpumzisha. Na mayai mawili tumeyala nyumbani.

Nje kuku anakwaruza.

Mama Otilia kasema, “Kwa hiyo lile fungu la rozari tulisalia simu?”

“Ndiyo, mwenyekiti.”

“Magoti yangu mimi yalikuwa ya kweli,” kasema Mzee Damasi.

Kicheko kikapasuka. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mimi nimesimama palepale. Mtu wa nyuma kauliza, “Na bega lenyewe vipi sasa?”

“Limepona leo asubuhi.”

“Basi sala ilifika!” Wakaanza upya.

Ningekaa hapo, ingekuwa nafuu. Watu wakishacheka wameshasamehe nusu. Lakini nilikuwa nimefungua mdomo, na safari hii haukufunga. Nikawaambia na habari ya mama yangu. Kigoda, magoti, njia. Kwamba nilimkataza kukaa kwa sababu yenu ninyi, mnaopita.

Hapo hakucheka mtu.

Mama Otilia kaweka rozari yake mapajani. Kasema polepole, “Tulikuwa tunamwona. Tulikuwa tukipita pale tunasema, mbona huyu bibi hapewi hata kigoda.”

Miaka yote hii. Nilikuwa namsimamisha kwa kuogopa watu waliokuwa wanamhurumia.

Nikakaa. Mama aliye jirani yangu kanishika mkono na hakuuachia mpaka mwisho.

Wakati wa kutawanyika Mama Otilia kayapokea mayai, kayahesabu, sita. Kasema, “Kahawa yako inaozea chini, tunaiona njiani. Watu nimekwisha kuwaambia tarehe mbili, na mimi sitangui tangazo. Tutakuja na vikapu badala ya ngoma. Itakuwa ngokela.” Ndiyo kazi yetu ya kusaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule.

Nikasema nitapika, nitaandaa togwa. Kwenye ngokela mwenye shamba hakai, anazunguka na sufuria.

“Chakula tutakuja nacho. Wewe tukukute umekaa,” kasema. “Na uchague pa kukaa, pawe pa kuonekana njiani.”

Alikuwa anatania. Sidhani kama alikuwa anatania.

Jumanne, 29 Julai

Raketi imerudi rangi yake toka Jumamosi. Kikombe kinawakawaka. Koletha kainua kichwa, bandeji hakuna. Kashuka nafasi ya ishirini na mbili. Mstari wa uchovu umepungua, bado kidogo kuisha.

Nimebonyeza kitanda. Jana kitanda. Juzi kitanda.

Mchana nimekwenda stoo, nikakitoa kigoda cha mama nyuma ya magunia. Buibui. Mguu mmoja unacheza, Baba Devota kaugonga bila kuuliza. Nikakifuta, nikakipeleka shambani, mwisho wa mstari wa kahawa, pale njia inapopita. Nikakaa. Sikuwa na kikapu.

Ni kazi ngumu. Mikono haijui iende wapi. Katikati ya mchana, kahawa nyekundu mbele yangu, nimekaa. Kapita mtu na mzigo wa kuni, kanisalimia, “Habari za kazi?” Karibu niinuke. Nikasema nzuri, nimepumzika tu. Kasema haya, akaenda zake. Basi ilikuwa hiyo tu.

Nimekaa mpaka kivuli kikafika miguuni. Nikamwambia mama nisamehe. Nimemwambia kwa Kimatengo, lugha yetu. Simu haijui Kimatengo.

Devota anafika Ijumaa. Jumamosi, tarehe mbili, wanakuja wote.